Kabla ya Kuilaumu Pampu

Sensa ya oksijeni haijawahi kuona petroli. Imefungwa kwenye bomba la moshi, na kazi yake ni moja: kulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na oksijeni ya hewa ya nje, kisha kutoa umeme kulingana na tofauti hiyo. Ndani yake mna kauri ya zirkonia ambayo, ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi, hupitisha chembe za oksijeni. Bosch waliifunga kwa mara ya kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976 kwa ajili ya soko la Marekani, na leo magari mengi ya petroli yanaitegemea. Ukimuuliza dereva, hata mafundi wengi, sensa hii inapima nini, utajibiwa kwamba inapima kama mafuta ni mengi au machache. Kwa siku nyingi jibu hilo linatosha. Siku lisipotosha, mtu asiye na kosa hutiwa hatiani.

Nataka kueleza siku moja ya namna hiyo, kwa sababu swali lililokuwamo ni kubwa kuliko gari. Mtu akishaona dalili, na dalili yenyewe ni ya kweli, ana haki ya kuhukumu kiasi gani? Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga. Baada ya Alasiri hukaa darsani, ambako shekhe wetu hutusomesha fiqhi na, kwa wanaovumilia, ilimu ya kalam, yaani elimu ya hoja za itikadi. Mchana natafuta sababu iliyojificha kwenye nyaya na mabomba. Jioni nasikiliza wanazuoni waliojadiliana sababu ni kitu gani na mwanadamu anaijuaje. Sijaona mpaka kati ya kazi hizo mbili, na gari nitakalolieleza ndilo lililonionyesha kwa nini haupo.

Lilikuwa Toyota Mark II GX100, mali ya kijana wa Chumbageni anayefanya kazi bandarini. Gari la aina hiyo linakuja na injini ya 1G-FE ya lita 2, injini tulivu inayowafaa watu wengi. Yeye aliitoa, akafunga 1JZ-GTE: silinda sita, sentimita za ujazo 2,492, yenye turbo. Injini ilitoka kwenye gari lililokatwa Japani. Akaongeza nozeli kubwa, pampu kubwa ya mafuta, na kontrolboksi inayopangwa kwa laptopu, ambayo mtu huandika mwenyewe kwenye jedwali ni kiasi gani cha petroli kiingie kwa kila mzunguko na kila presha. Gari la namna hiyo halina kitabu. Kiwanda hakikulitengeneza, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia likikohoa maana yake nini. Kila kitu ndani yake ni uamuzi wa mtu, na wowote kati ya maamuzi hayo unaweza kuwa ndio kosa.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa, ilikaa vizuri. Mjini lilitembea bila tatizo. Ukilikanyaga barabara kuu, turbo ikakaribia presha ya bar 1, linakata: linamisi, linashtuka, linapiga milipuko kwenye egzosti. Ukiachia mguu, linatulia. Na kila linapokata, geji ya mchanganyiko, inayosoma sensa ya oksijeni, inaruka. Kwa petroli, uwiano unaounguza vyote viwili bila kubakiza ni hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Turbo inaposukuma, mpangaji mwangalifu huongeza petroli hadi uwiano ufike kwenye 11.5 hivi, ili kupooza vyumba vya mwako na kulinda pistoni. Geji ya gari hili ilikuwa ikipita 15 palepale linapokata.

Mpangaji wa kompyuta alisoma geji akasema injini inanyimwa mafuta. Pampu ilikuwa mpya. Ilinunuliwa kwa muuza spea ambaye wengi wetu tunamfahamu. Mtu akasema kwamba siku hizi sokoni pampu feki zimejaa, na hilo ni kweli, kila fundi amekutana nazo. Mwingine akasema muuzaji yule amejenga nyumba haraka. Kabla jua halijazama, jina lake lilikuwa limeshafika kijiweni na kwenye simu za watu: anauza feki, anadhulumu vijana. Mwenye gari akanunua pampu nyingine mahali pengine. Gari likaendelea kukata. Ikasemwa kwamba na hiyo nayo ni feki. Petroli ikaongezwa kwenye jedwali, asilimia kadhaa, kisha asilimia nyingine juu yake. Kila ilipoongezwa, ugonjwa ulizidi.

Ndipo mwenye gari akalileta kwangu, nitafute kama pampu inapata umeme wa kutosha.

“Shikamoo, mzee. Pampu zote mbili ni feki.”

“Marahaba. Nani kasema?”

“Kompyuta yenyewe. Angalia geji, inaonyesha hakuna mafuta.”

“Hiyo geji imepima mafuta?”

Alinyamaza, kwa sababu alikuwa kijana msikivu. Nikamwomba tutoe plagi kabla ya kuigusa pampu.

Zilitoka nyeusi, zimelowa, zinanuka petroli. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyepesi na nayo inanuka petroli, kwa maana petroli isiyoungua huosha kuta za silinda, ikapita kandokando ya pistoni na kushuka chini kwenye sampu. Injini inayonyimwa mafuta haitoi plagi za namna hiyo. Zake huwa nyeupe na kavu.

Sasa tulikuwa na mashahidi wawili. Sensa ilisema kwamba oksijeni nyingi imebaki kwenye moshi. Plagi zikasema kwamba petroli nyingi imebaki kwenye silinda. Anayedhani kwamba mmoja wao lazima awe mwongo atamchagua anayempenda na kumfukuza mwingine, na ndivyo ilivyofanyika hapo mwanzo: ushahidi wa plagi haukuitwa kabisa, kwa sababu geji ilikuwa imeshawaridhisha. Lakini kuna maelezo ambamo wote wawili wanasema kweli. Hewa iliingia, petroli iliingia, na havikuungua. Vyote viwili vikatoka kama vilivyoingia. Sensa ikaiona hewa, na petroli haikuiona kwa kuwa haikuumbwa kuiona. Silinda inapokosa cheche, sensa ya oksijeni huonyesha upungufu wa mafuta hata kama mafuta yanachuruzika. Atakayeitii na kuongeza petroli atazidi kuilowesha plagi, cheche itazidi kuzimika, oksijeni itazidi kubaki, na sensa itazidi kuonyesha kilekile. Hivyo kosa lilikuwa likijizalia ushahidi wake lenyewe. Kila hatua ya kulitibu ilikuwa ikilithibitisha machoni mwa aliyelitenda.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake Al-Munqidh namna alivyoanza kuzitilia shaka hisia zake. Mmoja wa mifano yake ni nyota. Jicho linaiona ndogo, kadiri ya sarafu ya dinari, na hesabu za wanajimu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Nimeutafakari mfano huo sana, na naamini jicho halikukosea pale. Jicho lilipokea mwanga mdogo, na mwanga mdogo ndio uliofika. Kauli kwamba nyota ni ndogo haikutamkwa na jicho. Iliongezwa na nafsi, kwa haraka kiasi kwamba mwenyewe akadhani ameiona. Ndivyo ilivyo kwa sensa. Ilichosema ni oksijeni. Neno pampu lilitoka kwetu.

Fiqhi inaujua mpaka huu kati ya kuona na kuhitimisha vizuri zaidi kuliko gereji zetu. Shahidi mbele ya kadhi hutakiwa kusema alichokiona au alichokisikia, si alichokihitimisha. Hakuna mahali ambapo sharti hili ni kali kama kwenye tuhuma ya zinaa. Wanaotakiwa ni mashahidi wanne waliokiona kitendo chenyewe. Mtu anaweza kuwa amewaona mwanamume na mwanamke wakitoka kwenye chumba kimoja usiku, na kuona kwake kukawa kweli tupu, lakini haruhusiwi kugeuza kuona huko kuwa ushahidi wa zinaa. Akimtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne, Sura ya An-Nur inamhukumu yeye mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani kanuni hiyo iliwekwa kuwalinda wenye dhambi. Sasa naamini iliwekwa kutulinda sisi sote na kasi ya nafsi zetu wenyewe, ile kasi inayoruka kutoka mlango uliofunguliwa hadi kitendo ambacho hakikuonekana.

Haimaanishi kwamba dalili hazina thamani. Mahakama zetu za kawaida hupokea ushahidi wa mazingira, na mtu anaweza kufungwa kwa huo peke yake. Lakini sharti lake ni zito: dalili zote zikikusanywa ziwe zinaelekea kwenye hatia moja kwa moja, na pasiwe na maelezo mengine ya busara yanayoweza kuzikubali. Kwa hiyo mwenye dalili mkononi anadaiwa kazi. Anadaiwa kutafuta, kwa bidii ileile aliyotumia kumshuku mtuhumiwa, ni nini kingine kingeweza kuacha alama hizohizo. Kazi hiyo ndiyo tuliyoifanya.

Kwanza tuliishughulikia pampu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kesi. Nikataka ile ya kwanza irudishwe kwenye tangi. Kijana akaona ni kupoteza muda, maana ya pili ilikuwa imeshafungwa. Nikamwambia aliyetuhumiwa ndiye anayestahili kupimwa, tusimpime mwenzake. Tukafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, tukapitisha mpira wake chini ya boneti, na geji yenyewe tukaibandika kwa tepu kwenye kioo cha mbele kwa nje, ili petroli isiingie ndani endapo mpira utapasuka. Nozeli hunyunyiza mafuta dhidi ya presha ya turbo, kwa hiyo presha ya mafuta lazima ipande sawa na turbo. Kwenye gari hili ilikuwa bar 3 turbo ikiwa haisukumi. Turbo ikifika bar 1, tulitakiwa kuona 4. Tukatoka alfajiri barabara ya Muheza, malori yakiwa bado machache. Yeye akaendesha, mimi nikatazama. Sindano ilipanda hadi 4 na kusimama hapo. Gari likakata, na sindano haikutikisika.

Pampu ile ilikuwa na afya. Muuzaji aliuza pampu halali. Nilimwangalia kijana usoni na sikusema neno, kwa sababu alikuwa ameshaelewa.

Kisha tukaenda kwenye cheche. Injini hii ina koili tatu, kila moja ikihudumia silinda mbili. Cheche inapita kwa urahisi kwenye hewa nyepesi, na kwa shida kwenye hewa iliyobanwa. Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba umeme unaohitajika kuruka nafasi hutegemea presha ya gesi na upana wa nafasi yenyewe. Ndiyo maana koili dhaifu inaweza kuendesha sailensi bila lawama na ikashindwa turbo inapojaza silinda. Koili dhaifu, au koili nzima isiyolishwa vya kutosha. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na ncha nyingine kwenye waya unaoleta umeme kwenye koili. Mita ikiwekwa hivyo inaonyesha kiasi kinachopotea njiani, na kwenye njia kama hii hakitakiwi kuzidi nusu volti. Sailensi, upotevu ulikuwa mdogo. Mizunguko ilipopandishwa, ulipita volti 2.

Tukaufuata waya hadi chini ya dashibodi. Injini ilipohamishwa, waya wa zamani wa swichi ya ufunguo ulisokotwa na waya wa injini mpya, ukazungushiwa tepu, bila kuchomewa risasi. Hapa Tanga hewa ya bahari haichelewi. Shaba ilikuwa imeshaota kutu ya kijani na nyeusi.

Mtu angesimama hapo na kutangaza ushindi. Lakini kuona kiungo kibovu hakuna tofauti na kuona geji mbaya: ni dalili nyingine. Magari mengi yana viungo vibovu na yanatembea. Kwa hiyo nikavuta waya mnene wa muda kutoka kwenye betri, wenye fyuzi, moja kwa moja hadi kwenye koili. Petroli hatukuigusa, plagi hatukuzibadilisha. Barabara ileile, gia ileile, asubuhi ileile. Gari likavuta hadi mwisho bila kukata. Nikautoa waya wa muda, ugonjwa ukarudi. Nikaurudisha, ukaondoka. John Stuart Mill aliueleza utaratibu huu mwaka 1843 katika kitabu chake cha mantiki: hali mbili zifanane kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tokeo liwepo kwenye moja na lisiwepo kwenye nyingine. Baada ya hapo tukafunga rilei na waya mpya wa kudumu, na swichi ya zamani ikabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu.

Hapa ndipo darsa inaponirudia. Al-Ghazali huyohuyo, katika mas’ala ya 17 ya Tahafut al-Falasifa, anazungumzia pamba na moto. Unaposogeza moto kwenye pamba, anasema, macho yako yanashuhudia kuungua kunatokea wakati wa kukutana. Hayashuhudii kwamba moto ndio uliotenda. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na kufuatana kwa mambo hayo ni desturi aliyoiweka. Baada ya miaka kama 80, Ibn Rushd wa Cordoba akamjibu kwa ukali: anayeondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, kwani kujua kitu ni kukijua kwa sababu yake.

Vijana wengi wanaosikia hoja ya al-Ghazali kwa mara ya kwanza huichukua vibaya. Hata nyumbani kwa kijana huyu iliingia. Jamaa zake walishaanza kusema gari lina mkosi, kwamba tangu lifunguliwe injini halikupata baraka, na kwamba kila kitu ni qadari, pengine aliuze. Ikiwa Mungu ndiye anayetenda kila kitendo, walisema, fundi anatafuta nini? Mimi naona kinyume. Al-Ghazali hakusema kwamba hatujui kama pamba itaungua. Alisema Mungu ametuumbia ujuzi wa desturi yake, na kwamba desturi hiyo haituchezei. Yeye ndiye aliyeandika vitabu vya mantiki na kuwataka wanafunzi wa dini waijue. Alichokiondoa ni kiburi cha kudhani kwamba kwa kuwa nimeona mambo mawili pamoja, basi nimeliona fundo linaloyaunganisha. Fundo halionekani. Kwa hiyo anayetaka kuijua desturi ya Mungu katika jambo fulani lazima aichunguze kwa adabu: abadilishe kimoja, aache vingine, asubiri, arudie. Kusema mkosi ni kukatisha uchunguzi huo mapema na kuliita jina la Mungu lifunike uvivu wetu. Hapo nakubaliana na Ibn Rushd kwa moyo wote. Imani katika qadari inayomfanya mtu aache kutazama kiungo cha waya haimtukuzi aliyeumba shaba na chumvi.

Msomaji makini anaweza kunipinga hivi: maisha hayasubiri vipimo. Kama geji inaonyesha hakuna mafuta na turbo inasukuma, anayekaa akifanya falsafa atayeyusha pistoni. Ni kweli. Injini inayovuta kwa nguvu huku ikikosa petroli hufa kwa sekunde chache. Ndiyo maana nasema geji ikiruka, ondoa mguu mara moja, bila mjadala. Lakini kuondoa mguu si kuhukumu. Ni tahadhari, na tahadhari haimdhuru mtu. Kijana alikuwa na haki kamili ya kupunguza mwendo, kuliegesha gari, hata kuacha kununua spea kwenye duka lile hadi apate uhakika. Hakuwa na haki ya kumwita mtu mwizi. Vitendo hivi viwili tunavichanganya kila siku. Tahadhari inatosheka na dhana, kwa kuwa inachoepusha ni hasara na inachogharimu ni kidogo. Hukumu haitosheki na dhana, kwa kuwa gharama yake analipa mwingine. Sura ya Al-Hujurat imeyaweka yote mawili karibukaribu: imetuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na aya chache mbele ikatukataza wingi wa dhana kwa sababu baadhi yake ni dhambi. Dhana ikibaki kwako ikakufanya uwe mwangalifu, umejilinda. Ikitoka mdomoni ikawa jina la mtu, umeshakaa kwenye kiti cha kadhi bila kusikiliza upande wa pili.

Na asidhani mtu kwamba hili ni suala la pampu za elfu kadhaa. Katika mikoa ya kanda ya ziwa, Shinyanga na Mwanza hasa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo ulikuwepo kweli, walioutaja hawakuuzua. Wanawake wale walikuwa wamepikia kuni na kinyesi cha ng’ombe maisha yao yote, kwenye majiko ya moshi yasiyo na dirisha. Moshi ndio uliowachoma macho. Dalili ya kweli ikapewa maana ambayo haikuwa nayo, mtoto akaugua kwenye nyumba ya jirani, watu wakaunganisha mambo mawili yaliyotokea pamoja, na mama aliyelea nusu ya kijiji akafa usiku mlangoni kwake. Aliyemshuku angeweza kuchukua tahadhari ya kumpeleka mtoto zahanati. Hakuna aliyehitaji hukumu. Ninapowafundisha vijana wangu kutoridhika na geji moja, ninawafundisha pia namna ya kumtazama bibi mwenye macho mekundu.

Nirudi kwenye GX100, maana kazi haikuisha tulipofunga rilei. Cheche ilipopona, petroli na hewa vikaanza kuungua kama inavyotakiwa, na geji ileile iliyokuwa ikipita 15 ikashuka chini ya 10. Petroli yote iliyoongezwa kwenye jedwali kwa ajili ya kutibu ugonjwa ambao haukuwepo ilikuwa bado imo. Ikabidi tukae na laptopu na kuipunguza, mstari kwa mstari, hadi tukarudi kwenye 11.5. Oili ikamwagwa, plagi zikabadilishwa, nafasi zake tukazibana. Kuigundua sababu ya kweli hakukufuta chochote kati ya yaliyokwisha kujengwa juu ya sababu ya uongo. Kila kimoja kilitakiwa kutafutwa na kuondolewa kwa mkono.

Nilimwambia kijana kwamba jedwali lina mstari mmoja ambao haumo kwenye laptopu. Alikwenda mwenyewe dukani kwa muuza spea, akamweleza kilichotokea, akamwomba radhi. Alifanya vizuri, lakini haikutosha, kwa sababu tuhuma haikusemwa dukani. Ilisemwa kijiweni na kwenye simu za watu. Wanazuoni wetu wanaposomesha toba ya aliyevunja heshima ya mtu, wengi wao husema kwamba majuto ya moyoni yanamhusu Mungu, na haki ya mja hurudishwa kwa mja: aliyemchafua mtu mbele ya watu, amsafishe mbele ya watu haohao. Kwa hiyo kijana alisimama kijiweni, pale walipokuwa wamekaa wale waliosikia, akasema kwamba pampu ilikuwa nzima na kwamba tatizo lilikuwa waya wa gari lake. Baadhi walimsikiliza. Wengine walishaondoka, na wengine waliona habari ya mtu kuwa mwaminifu haina ladha ya kupelekwa mbele. Bado kuna watu Tanga wanaoamini kwamba muuzaji yule anauza feki, na hakuna waya wa muda utakaowaonyesha vinginevyo.

Hiyo ndiyo sababu ninashikilia mpangilio huu kwenye gereji yangu, na nawaomba watu waushike nje yake. Kwanza uliza chombo kimepima nini hasa. Kisha tafuta shahidi wa pili ambaye hategemei wa kwanza. Tafuta maelezo yanayowakubali wote wawili kabla hujamkataa yeyote. Mpime aliyetuhumiwa mwenyewe, na mpime kwa nia ya kumwona hana hatia, kwa sababu nia ya kumkuta na hatia hujitosheleza haraka. Ukipata sababu, ifanye iondoke na irudi mikononi mwako. Na mpaka ufike hapo, jina la mtu lisitoke mdomoni mwako. Petroli iliyozidi tuliweza kuipunguza yote, hadi tone la mwisho. Maneno yale hatukuweza.